Kodi ya Mwezi

Kuna barua moja ya zamani ambayo hufufuka kila mtu akiuliza kwa nini serikali inarusha pesa angani wakati watu wanalala njaa. Huenda nawe umeshatumiwa. Mimi mara ya mwisho nilitumiwa kwenye grupu la WhatsApp na jamaa anayesomea uhandisi, bila neno lolote la ziada, kama mtu anayetupa karata yake ya mwisho mezani. Barua yenyewe iliandikwa tarehe 6 Mei 1970 na Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA. Alikuwa anamjibu mtawa wa Kikatoliki aliyefanya kazi Kabwe, Zambia, Sista Mary Jucunda. Sista alikuwa ameuliza swali ambalo shangazi yako yeyote angeuliza: unawezaje kupendekeza mabilioni ya dola yaende kwenye safari ya Mirihi ilhali kuna watoto wanaokufa njaa hapa hapa duniani?

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma vitabu vya kozi niliyoiacha. Ni barua nzuri. Wacha niseme hivyo mapema, kwa sababu ninachotaka kuifanyia si cha kirafiki.

Stuhlinger hamdharau Sista. Anaanza kwa heshima, anakubali kwamba njaa ni jambo la kweli, halafu anaeleza mambo ya bajeti: kwamba mwaka huo fungu la NASA lilikuwa takriban asilimia 1.6 ya bajeti ya taifa lake, na kwamba pesa ikiondolewa kwenye roketi haitembei yenyewe hadi kwa mwenye njaa. Anataja setilaiti zitakazoangalia mimea, mvua na ukame. Anaambatisha hata picha, ile ya Dunia ikichomoza nyuma ya upeo wa Mwezi, iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 8 Desemba 1968. Ukimaliza kusoma unajisikia mdogo kidogo kwa kuwahi kuuliza. Hapo ndipo mimi huanza kuwa na shaka. Jibu linalomfanya muulizaji aone aibu nalisoma mara mbili.

Ndani ya barua kuna hadithi, na hadithi hiyo ndiyo injini ya barua yote. Miaka kama 400 iliyopita, katika mji mdogo wa Ujerumani, aliishi kabaila mmoja mwema aliyewagawia maskini sehemu kubwa ya mapato yake. Siku moja akakutana na mtu wa ajabu aliyekuwa akisugua vipande vya vioo, anavipachika kwenye vifaa vyake na kutazama vitu vidogo vidogo. Kabaila akamchukua, akamweka kwenye ngome yake aendelee na kazi. Watu wa mji wakakasirika: sisi tunaumizwa na tauni, yeye analisha mtu wa kuchezea vioo! Kabaila akakataa kutikisika. Na kutokana na kazi ya aina hiyo, anasema Stuhlinger, ikaja hadubini, iliyosaidia kupambana na tauni na maradhi mengine kuliko sadaka yoyote ambayo kabaila angetoa.

Tamu, au sio? Sasa hebu tuisome vile tulivyofundishwa kusoma ngano shuleni. Nani anazungumza, nani ananyamaza, na mali imetoka wapi?

Mapato ya kabaila hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitoka kwa wale wale waliokuwa wakilalamika: wakulima waliolima ardhi yake, mafundi waliolipa ushuru wake. Kwa Kiswahili hata hatuhitaji kuelezwa, maana neno kabaila kwetu lina harufu yake. Hakuna mtu aliwahi kuitwa kabaila akadhani amesifiwa. Lakini kwenye barua, pesa ni zake, moyo ni wake, na watu wa mji wanaingia kama kwaya ya wasio na shukrani. Hawana majina. Hawapewi hata sentensi moja ya akili. Na Sista Jucunda, bila kutajwa, anawekwa papo hapo katikati yao.

Hili ndilo tatizo langu kubwa na barua hii, na sijaona wanaoituma wakiligusa. Swali la Sista lilihusu pesa za umma. Jibu ni hadithi ya ukarimu wa mtu binafsi. Katika ngome ya kabaila, anayelalamika ni ombaomba. Katika bajeti ya taifa, anayelalamika ndiye mwenye mali. Ukibadilisha hilo moja, hadithi yote inabadilika: kabaila anakuwa mfanyakazi, na watu wa mji wana haki ya kumwita barazani awaeleze hesabu.

(Ndiyo, najua Sista hakuwa mlipa kodi wa Marekani. Lakini Stuhlinger anajibu kana kwamba anawajibu watu wote wenye swali hilo, na ndivyo barua imetumika tangu hapo.)

Hadithi pia inasimuliwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Tunajua hadubini ilipatikana, kwa hivyo kabaila ni nabii. Wale wote waliosugua vioo miaka hamsini wakafa bila kupata kitu hawamo. Mtu akikuuzia tiketi ya kamari kwa kukuonyesha picha ya mshindi, unajua anachofanya.

Halafu kuna kimya kingine, kizito zaidi. Kabla ya Marekani, Stuhlinger alikuwa kwenye timu ya Wernher von Braun kule Peenemünde, iliyounda roketi ya V-2 kwa ajili ya jeshi la Hitler. V-2 zilitengenezwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ndani ya mahandaki, na maelfu yao walikufa humo. Baada ya vita timu hiyo ikahamishiwa Marekani, na hatimaye ikatengeneza Saturn V, roketi iliyopeleka watu Mwezini. Sisemi haya ili kumchafulia marehemu jina, na simtwishi yeye binafsi vifo vya Dora. Nasema tu kwamba mtu aliyechagua ngano ya kabaila mwema kueleza asili ya sayansi yake alikuwa na asili nyingine ya kusimulia, aliyoiishi mwenyewe. Kabaila wa kwanza wa roketi hizo hakuwa mkarimu.

Na Kabwe? Wakati Sista anaandika, mji huo ulikuwa bado unachimba risasi na zinki, kazi iliyoanza mwaka 1906 wakati mji ukiitwa Broken Hill na ikaendelea hadi 1994. Leo Kabwe hutajwa miongoni mwa mahali palipochafuliwa zaidi duniani. Watoto huko wana risasi kwenye damu. Yaani utajiri ulikuwa ukitoka chini ya miguu ya Sista kila siku kwenda mahali pengine. Sijui kama aliliandika hilo. Barua inayosambaa ni ya jibu tu, na barua ya swali haitumwi na mtu kwenye grupu.

Mwaka huo huo wa 1970 ilitoka kazi nyingine kuhusu jambo hilo hilo, fupi, isiyo na heshima hata kidogo. Gil Scott-Heron, kijana wa miaka 21 aliyekuwa amesimamisha masomo ya chuo ili aandike riwaya (wacha nitulie, hii si kuhusu mimi), alitoa albamu iitwayo Small Talk at 125th and Lenox, na ndani yake kuna shairi "Whitey on the Moon". Anayezungumza anaeleza kwamba dadake ameumwa na panya. Bili ya daktari haiwezi kulipika. Mwenye nyumba amepandisha kodi, ushuru unakula mshahara, bei ya chakula inapanda. Na baada ya kila shida anarudia kukukumbusha, kwa sauti ya mtu anayezungumza kibarazani, nani yuko Mwezini wakati huo. Ngoma tu nyuma. Dakika mbili hivi, imeisha.

Shairi halina hoja, kwa maana ya hoja za darasani. Halithibitishi kwamba roketi ndiyo iliyomleta panya. Linaviweka vitu viwili kando kwa kando na kukataa kuvitenganisha, basi. Watetezi wa NASA hupenda kusema hapo ndipo shairi linakosea, kwamba bili ya daktari na safari ya Mwezini ziko kwenye vitabu tofauti vya hesabu. Lakini jaribu kulisikia kwa Kiswahili. Sisi tuna neno moja, kodi, kwa pesa anayodai landilodi na pesa inayodaiwa na serikali. Tuna neno moja, mwezi, kwa kile kinachong'aa juu na kile kinachoisha tarehe thelathini ukiwa huna kitu. Mpangaji wa Umoja au Githurai akisema kodi ya mwezi imemshinda, tayari ameshasema nusu ya shairi la Scott-Heron bila kujua. Kwa anayelipa, pesa hutoka mfuko mmoja. Vitabu tofauti vya hesabu ni vya wale wanaopokea.

Mwaka 2018 Hollywood ilichukua shairi hilo ikaliweka kwenye First Man, filamu ya Damien Chazelle kuhusu Neil Armstrong, likisomwa na mwimbaji Leon Bridges. Linapita kwa muda mfupi, kuna picha za waandamanaji, halafu filamu inarudi kwa shujaa wake na kimya kitukufu cha Mwezini. Malalamiko yamepewa dakika yao, tuendelee. Watu wa mji wa kabaila tena.

Ukitaka tukio ambapo pande hizi mbili zilisimama uso kwa uso, nenda Julai 15, 1969, siku moja kabla Apollo 11 haijaruka. Mchungaji Ralph Abernathy, aliyerithi uongozi wa SCLC baada ya Martin Luther King kuuawa, alifika Cape Kennedy na familia maskini pamoja na mkokoteni uliovutwa na nyumbu. Waza picha hiyo: nyumbu wamesimama, na kwa mbali roketi yenye urefu wa zaidi ya mita 110. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka kwenda kukutana naye. Paine akamwambia kwamba kama kutobonyeza kitufe kesho yake kungeondoa umaskini Marekani, basi wasingebonyeza. Abernathy kwa upande wake hakuitukana safari. Aliwaombea wanaanga, na baadhi ya familia zikapewa nafasi ya kutazama roketi ikipaa.

Nampenda Abernathy kwa hilo, na Paine simchukii. Lakini jibu lake ni la ujanja. Hakuna mtu alikuwa amempa chaguo hilo la kitufe. Aliloulizwa ni jepesi zaidi na gumu zaidi: nchi inayoweza kupanga kazi ya miaka minane, ikakusanya mamia ya maelfu ya wafanyakazi na kuweka tarehe ya mwisho, mbona haijawahi kuiwekea njaa tarehe ya mwisho?

Sasa nigeuke upande wa pili, maana na sisi wa mkokoteni tuna uongo wetu. Huwa tunaamini kwamba pesa ya roketi ikikatwa, itashuka hadi kwetu. Ilishakatwa. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inachukua zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani. Safari za Apollo 18, 19 na 20 zikafutwa, na kufikia 1975 fungu lilikuwa limeshuka hadi karibu asilimia 1. Leo halifiki hata nusu ya asilimia. Je, panya walihama Harlem? Mwaka huo huo wa 1975 jiji la New York lilikaribia kufilisika. Anayeniambia kwamba ukifunga kiwanda cha roketi unafungua zahanati, anieleze kwanza mwaka 1975. Stuhlinger alikuwa sahihi hapo, lazima nikubali hata kama jibu lake linaniudhi.

Kwa hivyo huwa sishangilii ninapoona watu mtandaoni wakisema pesa yote ya anga ihamishiwe kwa hospitali. Ihamishwe na nani? Apitishe mikono ya nani?

Tuje nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, kituo cha Waitaliano kilichosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kwa sababu ya tarehe hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miale ya eksirei angani. Ilikusanya orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo na ikasaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yaani sehemu ya ushahidi wa kwanza wa mashimo meusi ilipaa kutoka maji ya Kilifi, ikiwa na jina la Kiswahili, na mimi nilimaliza shule ya upili bila mwalimu yeyote kunitajia.

Sikuambii haya tuone fahari tu. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, tuzo ikaenda kwa Giacconi. Sisi tulitoa ikweta na jina. Ikweta ni mali, bana: ukirushia hapo roketi hupata msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa Dunia. Ngomeni bado ni kijiji cha wavuvi. Mkataba wa kituo hicho umejadiliwa upya zaidi ya mara moja, wa karibuni ukitiwa saini 2016, na swali la Wakenya limekuwa lile lile: tunapata nini?

Kisha 15 Aprili 2023 tukarusha Taifa-1, setilaiti yetu ya kwanza ya kuangalia Dunia, kwa roketi ya SpaceX kutoka California. Gharama iliyotangazwa ilikuwa shilingi milioni 50. Gawanya kwa Wakenya wote unapata kama shilingi moja kwa kila kichwa. Hiyo haikununulii hata peremende, kwa hivyo kelele za kusema Taifa-1 ndiyo iliyomaliza pesa za madarasa mimi siziwezi. Kuna mashimo meusi makubwa zaidi kwenye bajeti yetu, na hayahitaji darubini.

Lakini tazama wakati. Kaskazini ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye misimu mitano mfululizo ya mvua iliyofeli. Zaidi ya mifugo milioni 2 walikuwa wamekufa. Na setilaiti iliyotangazwa kwamba itasaidia kufuatilia ukame ikafika baada ya ukame. Lakini hata ingefika mapema, kwani nani hakuwa ameona? FEWS NET, mfumo wa tahadhari ya njaa ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985, hutumia setilaiti kufuatilia mvua na malisho katika eneo hili, na ulikuwa unatoa onyo msimu baada ya msimu. Macho yalikuwepo. Wazee wa Marsabit nao walikuwa wameona, bila setilaiti.

Hapa ahadi ya Stuhlinger ilitimia na haikutosha. Alisema setilaiti zitaona njaa ikija, na kweli zinaona. Hakusema ni nani atainuka kwenye kiti akishaona.

Kuna mahali ahadi hiyo ilikaribia zaidi kufanya kazi, na ni kwetu. Mwaka 2010 watafiti wa ILRI walianzisha bima ya mifugo Marsabit. Hakuna mtu wa kuzunguka akihesabu mizoga. Setilaiti inapima ubichi wa malisho kutoka juu, na ubichi ukishuka chini ya kiwango fulani, mfugaji analipwa. Mwaka 2015 serikali ikaanza mpango wake wa aina hiyo, kwa kuanzia Wajir na Turkana. Hiki ndicho kitu ambacho mtawa wa Kabwe angeweza kuonyeshwa bila ngano ya kabaila: pesa ya anga imegeuka hela mkononi mwa mtu aliyepoteza ng'ombe. Naipenda. Ila setilaiti huona ubichi tu. Haijui kama ubichi huo ni nyasi au ni mathenge, na mbuzi haishi kwa majani ya mathenge. Lazima mtu wa pale aulizwe.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, tovuti ya FEWS NET ilizimika. Ghafla jicho lililokuwa likitutazama kwa miaka arobaini likafungwa na mwenye jicho. Siku hiyo ndiyo nilianza kuielewa Taifa-1 tofauti. Shilingi moja ya kila Mkenya, kwa jicho dogo lililo letu, naweza kuilipa. Naweza hata kulipa tano.

Masharti yangu tu ndiyo Stuhlinger hakuyaandika. Nisihadithiwe. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na Juni 2024 nilikuwa barabarani na wenzangu ambao kwa mara ya kwanza maishani walikuwa wamesoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauliza kila laini inaenda wapi. Hao ndio watu wa mji. Walijibiwa kwa risasi, na hiyo nayo ni aina ya jibu la kabaila. Kwa kizazi hicho mtu hawezi tena kutuma barua ya 1970 na kudhani amemaliza. Atuonyeshe laini ya bajeti, aeleze picha za setilaiti zinafika kwa ofisa gani wa kaunti, siku ngapi baada ya kupigwa, na ofisa huyo ana lori na mafuta au hana.

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi na likakichukua. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha chombo ndiyo inayowajibika kwa hasara kikianguka kwa watu. Watu wa Mukuku waliizunguka ile pete, wakaipiga picha, wakauliza ni ya nani.